Mwamuzi asimamishe kazi mbele etaje hazijapanda

Hapa Lubumbashi, wazee wetu waliotoka kwa mgodi wamebakiwa na kitu kimoja tu: lupango, na nyumba ndogo ndani yake. Siku moja jirani anauzisha, na mwezi unaofuata wanachimba fondasyo ya jengo la etaje tano. Ukiuliza, wanakuonyesha karatasi: "Papa, otorizasyo iko." Nani alituuliza? Hakuna.

Njia ya sheria iko. Unaandika kwanza kwa yule aliyetia sahihi, umuombe aondoe ruhusa. Akikataa ao akinyamaza, ndipo unaenda kwa tribinali. Lakini kushitaki peke yake hakusimamishi kazi. Simenti inaendelea kumwagwa. Inatakiwa umuombe mwamuzi kando, haraka, asimamishe kwanza, na hiyo wazee wengi hawaijui. Avoka naye anataka dola mbele. Siku hukumu itatoka, watu wamekwisha kulala kwa etaje ya tano. Mwamuzi gani atavunja?

Wengine wanatuambia sisi wa sinadika tunazuia maendeleo. Hapana. Vijana wetu wa mgodi wanalipa nyumba bei kali, etaje zinahitajiwa. Ila maji machafu ya familia kumi yataenda wapi, kama mfereji hakuna, na kisima cha mzee kiko karibu na shimo la choo chao?

Tunaomba hivi: mbele ya kusaini, plani ibandikwe kwa komine, kwa Kiswahili, na majirani wapewe siku za kujibu.