Saa za Tiketi na Saa za Nyumbani

Kijana mmoja wa ukoo wetu kutoka Kibera alipata nafasi ya kusomea uuguzi London. Nauli tulichanga kwa harambee. Tiketi ilisema: Jumamosi, 00:30. Basi Jumamosi jioni tukakutana kwa shangazi yake Kawangware, tukala, tukaomba, kisha tukamsindikiza kwa matatu ya kukodi. Kufika uwanjani Embakasi, tukaambiwa ndege ilikwisha kuruka usiku uliotangulia! Kubadilisha tiketi kulimeza pesa alizowekewa za kodi ya nyumba.

Kosa lilikuwa letu. Saa 00:30 ni saa sita na nusu usiku, na siku ya tiketi huanza saa sita usiku. Safari hiyo ilikuwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Babu zetu waliosema "kuamkia" hawakukosea.

Sasa tupige hesabu pamoja, msomaji. Kutoka Kibera hadi Kawangware, ukipima kwa mstari ulionyooka, si mbali. Hata hivyo, msongamano wa Ngong Road waweza kukumalizia saa nzima. Kwa saa hiyo moja, ndege ya abiria hukata karibu kilomita 800. Nairobi hadi London ni takriban kilomita 6,800, nayo ndege isiyotua njiani huchukua kama saa tisa hivi.

Lakini tiketi huandika saa ya kuondoka kwa saa za Nairobi, na ya kufika kwa saa za London. Wakati wa baridi kule, London iko nyuma yetu kwa saa tatu. Wakati wa kiangazi, saa mbili. Saa zao hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Hilo nalo lilitusumbua. Kijana alipopata safari nyingine mwezi Januari, tiketi ilionyesha atafika 06:30. Mama yake kule Kibera alikaa na simu mkononi tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akihofia mabaya. Kumbe kwetu ndege ingetua saa tatu na nusu! Saa tatu za machozi ya bure.

Kwa hiyo, aliye na safari asome tarehe kwanza, kisha saa. Afike uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Kwa ndege ya saa sita na nusu usiku, awe Embakasi saa tatu na nusu. Akitoka Kawangware Ijumaa, aondoke saa moja jioni, maana Mombasa Road haina huruma. Nao wanaobaki waandikiwe karatasini, kwa saa za nyumbani, wakati wa kungoja simu.

Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.