Majibu kwa Wasomaji: Binti wa Kanoni na Elimu ya Vimeng'enya

Mzazi mmoja wa Kanoni, Karagwe, ametuandikia kwamba binti yake, aliyekwisha pata shahada ya pili ya sayansi, ameona tangazo la nafasi ya udaktari yenye ufadhili, katika elimu ya bayoinformatiki na vimeng'enya. Jamaa wanasema amesoma vya kutosha. Sasa aajiriwe awasomeshe wadogo zake. Mzazi atuuliza: elimu hiyo ni kitu gani, na je, amruhusu?

Ndugu yetu, swali lako ni la wazazi wengi, nasi twapenda kulijibu kwa kituo.

Kwanza, elimu yenyewe. Kata mkungu wa ndizi mbichi shambani mwako, uuweke jikoni siku chache. Ndizi iliyokuwa ya kupika itakuwa tamu, wala hapana mkono uliotia sukari. Wanga umegeuzwa sukari na vitu vidogo vilivyomo ndani ya ndizi yenyewe, navyo ndivyo viitwavyo vimeng'enya. Mate yetu yanavyo, na vijidudu vya udongoni na majini kadhalika. Namna ya kuunda kila kimeng'enya imewekwa ndani ya chembe hai, mfano wa maandishi yenye herufi nyingi mno. Bayoinformatiki ni elimu ya kuyasoma maandishi hayo kwa kompyuta, ili ijulikane kimeng'enya gani chafaa kwa dawa, kwa sabuni, au kwa chakula.

Pili, faida yake. Katika miaka ya 1960 mtaalamu Thomas Brock alikuta kijidudu kikiishi ndani ya chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani. Baadaye kilitolewa humo kimeng'enya kisichoharibiwa na joto, nacho kikawezesha vipimo vingi vya maabara vya kutambua maradhi. Nasi tunayo Mtagata, wilayani Kyerwa, chemchemi ya maji moto aliyoizuru Stanley mwaka 1876, ambayo watu huiendea kuoga wakitaraji shifaa. Mwenye elimu hii aweza kuyauliza maji yale swali jipya: ni viumbe gani wanaostahimili humo, na wana vimeng'enya gani?

Tusipouliza sisi, watauliza wengine. Mwaka 1992 vijidudu vilichukuliwa katika maziwa ya magadi ya Kenya, na kampuni ya Marekani, Genencor, ikapata humo vimeng'enya vya sabuni za kufulia na vya kufifisha rangi ya nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai kwamba hapakuwa na idhini yake wala mgao wa faida. Upande wa pili ukakataa lawama hiyo. Mwaka 2007 shirika hilo lilifanya mkataba na kampuni ya Denmark, Novozymes, na ndani yake yalikuwamo mafunzo kwa Wakenya na malipo ya faida. Twaona basi kwamba haki ya mali ya namna hii hulindwa vema na yule ajuaye kilichomo ndani ya chupa.

Tatu, fedha. Ufadhili wa kweli hulipa ada, posho ya kuishi na gharama za maabara, kwa miaka mitatu au minne. Njia zinazojulikana zipo: mfuko wa RSIF, ambao umesimamiwa na taasisi ya icipe mjini Nairobi, na shirika la OWSD lenye makao Trieste, Italia, ambalo kwa miaka mingi limewafadhili wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Mwambie binti adai barua yenye jina la chuo, la msimamizi na kiasi cha posho. Aulize nani atakayemiliki atakachokigundua. Na mtu akiomba fedha ili kumpatia nafasi, amwepuke.

Ama wadogo zake, hatutakuficha: posho si mshahara. Imepimwa kwa mwanafunzi mmoja, na ukiigawa kwa watu watano, yeye atashindwa masomo nao hawatashiba. Kaa na jamaa zako mkadirie ada za wadogo kwa miaka hiyo, kwa kahawa na ndizi za shamba. Ikiwa mwaweza kustahimili bila ya mkono wake, mruhusu, tena kwa dua na uso mkunjufu. Ikiwa hamwezi, mwambieni waziwazi, naye aulize kama nafasi yaweza kungoja mwaka mmoja. Lakini msimkatalie kwa sababu tu jina la elimu ni geni masikioni. Dini yetu imetuhimiza kutafuta elimu, wanaume kwa wanawake, na mwenye kumzuia mtoto jambo la kheri yampasa awe na udhuru ulio wazi.

Wabillahi tawfiq.