Mambo ya Nyumbani: Baba na Gitaa la Darini

Katika nyumba nyingi za nchi hii baba hujulikana kwa watoto wake kwa mambo mawili: kazi yake na hasira yake. Mtoto aweza kukutajia karo aliyolipiwa, na siku alizochapwa, na sababu yake. Lakini ukimwuliza baba hupenda nini akiwa hana kazi, atanyamaza. Si kwamba baba hapendi kitu. Ni kwamba hakupata kusema, au aliona haya kusema, maana mtu mzima wa kijijini huhesabu ya kuwa mapumziko ni mambo ya watoto na ya walevi.

Basi yuko baba mmoja upande wa Kakamega, karani wa ofisi ya serikali siku tano za juma na mkulima siku ya sita. Umri wake umepita hamsini. Ana mke, watoto wanne, shamba dogo la mahindi na majani ya chai, na ng'ombe wawili wa maziwa. Mtu huyu alikuwa na mapenzi mawili maishani mwake. La kwanza alilionyesha mbele ya watu wote, na la pili akalifunga ndani ya gunia.

La kwanza ni mpira. Kila Jumamosi alasiri huchukua filimbi yake akaenda kiwanja cha shule ya msingi, ambako vijana ishirini au zaidi humngoja, wengine wamevaa viatu na wengine miguu mitupu. Huwafundisha kutoa pasi mapema na kutomlaumu mwamuzi, na hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Yeye mwenyewe ni mfuasi wa AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na ambayo baadaye ilibadili jina serikali ilipotaka vilabu viache majina ya makabila. Hajasahau ya kuwa klabu hiyo ilitwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Lakini vilevile huwasimulia vijana habari za mwaka 1987, yeye akiwa mwanafunzi wa sekondari, wapinzani wao wakuu Gor Mahia walipocheza fainali ya Kombe la Washindi la Afrika na Espérance ya Tunis: mabao 2 kwa 2 ugenini, bao 1 kwa 1 Nairobi, na kikombe kikabaki Kenya kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Siku ile alishangilia mbele ya redio hata babaye akatoka nje kumtazama. Wako mashabiki wenzake ambao hadi leo hawajamsamehe, nao hawana haki.

Hata katika mpira, jambo moja alichelewa kuliona. Binti yake wa pili, mwenye miaka 13, alikuwa akirudisha mipira iliyotoka nje ya kiwanja kwa muda wa miaka miwili kabla baba hajatambua kwamba aipiga kwa mguu wa kushoto vizuri kuliko winga wake. Sasa binti hucheza. Wazee wawili walikuja nyumbani kuuliza habari hiyo; wakapewa chai, wakajibiwa kwa adabu, na binti akaendelea.

Penzi la pili ni muziki, na hapa habari ni ndefu zaidi.

Marehemu baba yake alifanya kazi Nairobi siku za ujana, akarudi nyumbani na gitaa. Miaka ile ya 1950 na mwanzo wa 1960 nchi ya Waluhya ilijaa magitaa. Nyimbo za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville mwaka 1952, zilivuka mipaka kwa santuri, zikapendwa kwa kuwa mwimbaji aliimba Kiswahili na vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Karibu na nyumbani alikuwapo George Mukabi, aliyeipa sifa ile namna ya kupiga iitwayo omutibo. Kidole gumba hutembea juu ya nyuzi nene kama mtu apigaye hatua, na kidole cha shahada huchuma wimbo katika nyuzi nyembamba, hata msikilizaji adhani wapigaji ni wawili. Na kando yake hukaa mtu mwenye chupa tupu ya soda, aigonga kwa mapigo ya haraka yasiyosimama. Asiyejua hudharau chupa ile. Ajuaye husema ya kuwa mwenye chupa akipotea, mwenye gitaa naye amepotea.

Chupa ndiyo iliyokuwa kazi ya mtoto huyu tangu umri wa miaka saba. Hakufundishwa kwa maneno. Aliketi karibu na goti la baba yake, akatazama mguu wa mzee ukigonga chini, akaufuata. Ndivyo elimu nyingi za kwao zilivyopita kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, yenye ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, imepita vivyo hivyo katika arusi na matanga kwa vizazi vingi. Lakini mwaka 2014 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu wajuzi wake wengi ni wazee na warithi ni wachache. Orodha ya namna hiyo ni heshima, na ni onyo pia.

Mzee alipofariki, gitaa lilimwangukia kaka mkubwa. Kaka huyo alikuwa na mkono mzuri kumshinda baba yao, na watu wa masoko ya njiani walijua hivyo. Wenye vilabu vya pombe walimwita kila mwisho wa mwezi, na malipo yake yalikuwa chakula, fedha kidogo, na bia nyingi. Baada ya miaka kadhaa malipo yakawa bia peke yake. Akarudi nyumbani akiwa mgonjwa wa ini, na mke wa karani ndiye aliyemwosha na kumlisha uji miezi mitano hata alipokufa. Siku ya nne baada ya mazishi karani alilitia gitaa ndani ya gunia, akalipandisha darini. Watoto wake wakakua bila kujua ya kuwa baba yao aweza kugonga chupa.

Yalikaa hivyo hata likizo ya Desemba, kijana wake wa miaka 16 alipokuwa akisikiliza simu yake jikoni. Wimbo ulikuwa wa omutibo. Johnstone Mukabi, mwana wa George, alifiwa na baba yake mwaka 1963, na hata hivyo aliishika njia ya mzee akaendelea kuipiga. Nyimbo zao sasa zapatikana kwa kubonyeza simu, bila santuri wala gramafoni. Baba alikuwa akila. Mkono wake wa kulia ukaanza kugonga bakuli kwa kijiko, na kijana akageuka akamtazama.

Maswali yakafuata, na kwa maswali gitaa likashushwa. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika na nyingine zimeshika kutu, ila mbao zilikuwa nzima. Kijana aliomba nyuzi mpya. Mama akasema hapana.

Haifai kumhesabu mama huyu kuwa mtu mgumu. Yeye mwenyewe huimba katika kwaya ya kanisa, tena husimamia sauti ya pili. Alichosema ni kwamba amekwisha kumzika mpiga gitaa mmoja, na hataki kumzika wa pili ambaye ni mtoto wa tumbo lake. Baba hakuwa na jibu. Kwa majuma matatu neno hilo halikutajwa tena, na kijana akawa mkimya mezani, jambo ambalo wazazi wa vijana walijua vema lilivyo zito kuliko kelele.

Katika majuma yale baba aliwaza sana, hasa jioni akiwatazama vijana wake uwanjani. Kiwanja nacho kina vishawishi vyake. Wako wachezaji hodari wa wilaya hiyo walioharibikiwa na pombe baada ya mechi, na hakuna aliyewahi kuufungia mpira ndani ya gunia kwa ajili hiyo. Tofauti ilikuwa nini? Aliona ya kuwa mchezaji wa Jumamosi hutazamwa na nyumba yake. Mama zao husimama kando ya mstari, wadogo zao huokota mipira, na magoli yao husimuliwa mezani usiku. Kaka yake alipiga gitaa mbele ya wageni tu. Hakuna mtu wa nyumbani aliyeketi kumsikiliza, kwa kuwa mahali palipokuwa pa kumsikilizia hapakufaa watu wa nyumbani, nao hawakumtengea pengine.

Alimweleza mke wake habari hiyo siku ya Jumapili, wakiwa njiani kutoka kanisani. Mama alisikiliza, akauliza masharti yatakuwaje. Wakapatana hivi: gitaa litapigwa barazani, si kwingine, masomo kwanza, na ripoti ya shule ikishuka gitaa litarudi darini bila mjadala, na mtu yeyote atakayekuja kumwalika kijana mahali penye pombe, ataongea na mama. Nyuzi zilinunuliwa mjini Kakamega siku ya pili. Baba alifundisha alichokumbuka, ambacho kilikuwa kidogo kwa upande wa nyuzi na kingi kwa upande wa mapigo, na mengine kijana ameyatafuta kwa sikio lake. Vidole vyake viliota malengelenge, kisha sugu. Binti wa mguu wa kushoto naye ameonekana kuwa ana sauti.

Sasa pametokea jambo jingine. Binamu wa kijana ataoa mwezi wa Agosti, na amemwomba apige nyimbo tatu. Baba amekubali. Mama amesema atafikiri, kwa maana katika arusi ile pombe haitakosekana nyuma ya nyumba, na hadi leo hajatoa jibu. Ila juma lililopita chupa ya soda iliyokaa dirishani ilipotafutwa isionekane, mama alisema ameiosha na kuiweka juu ya kabati, isije ikavunjika.