Kivu ya Kaskazini: Jeep ngumu haiwezi kuchukua nafasi ya barabara

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo Butembo, swali la kwanza sokoni si bei ya maharagi. Watu wanauliza kama barabara ya Manguredjipa ingali inapitika. Mji huo mdogo wa sekta ya Bapere, katika wilaya ya Lubero, uko kwenye kilometa karibu 100 magharibi ya Butembo. Kakao, mafuta ya mawese na zahabu vinatoka huko. Chumvi, sabuni na mazutu vinakwenda huko. Matope yakishika njia, malori yanalala porini na bei zinapanda pande zote mbili. Magari mawili tu yanabaki na tumaini la kufika: pikipiki, na ile jeep ambayo kila mtoto wa Kivu anaitambua kwa sauti kabla hajaiona, Land Cruiser ya Toyota ya aina ya 70.

Ni gari la ajabu kwa wakati wetu. Lilitoka kiwandani Japani mara ya kwanza mwaka 1984, na hadi leo lingali linatengenezwa bila kubadilika sana. Mwaka 2023 Toyota ilitoa toleo lenye injini mpya ndogo na vitesi vinavyojibadilisha vyenyewe. Lakini huku kwetu mashirika na wafanyabiashara wangali wanatafuta ile ya zamani, yenye injini 1HZ: mazutu, silinda sita, lita 4,2, bila turbo. Nguvu yake ni farasi 130 hivi, kidogo kwa gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili. Kwa njia ya lami ni zito na lina kelele. Vioo vinashushwa kwa mkono, na nyuma abiria wanakaa kwenye mabenchi ya pembeni, magoti kwa magoti.

Basi kwa nini linapendwa? Jibu liko garajini. Pampu ya mazutu ya injini hiyo inafanya kazi kwa vyuma tu, bila kompyuta. Gari la kisasa likinywa mazutu yenye maji au mchanga, sindano zake zinaharibika, na fundi anahitaji mashine ya kusoma makosa pamoja na vipuri vya bei kali. Na mazutu ya vijijini tunayajua: yanatoka kwenye bidoni za wakadhafi kando ya barabara, hakuna anayeyapima. Injini ya zamani nayo inaugua, lakini fundi wa Butembo, Beni au Mambasa anaweza kuifungua chini ya mti kwa funguo zake na kuifunga tena kabla ya usiku. Vipuri vinapatikana, vya kweli na vya bandia, kwa sababu magari yenyewe ni mengi.

Nyuma linabebwa na resori za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama za lori. Kimoja kikivunjika, unakifunga kwa kamba ya mpira na kuendelea polepole. Kwa matope, dereva wa gari la kawaida la aina hiyo anashuka, anageuza kwa mkono kifungo kilicho katikati ya gurudumu la mbele kila upande, anarudi ndani na kuvuta kijiti kidogo ili magurudumu manne yavute pamoja. Ile ndefu ya milango miwili mbele ina matangi mawili, kila moja lita 90. Hiyo inatosha kwenda Manguredjipa na kurudi hata kama huko mafuta yamekwisha.

Lakini ugumu huo una bei. Jeep mpya ya aina hiyo inauzwa makumi ya maelfu ya dola, kabla ya kodi za mpakani. Iliyotumika inaletwa mara nyingi na wafanyabiashara wetu kutoka Dubai, kwa sababu huko inapatikana na usukani wa kushoto, ikipitia Mombasa, Kampala na Kasindi. Kwa njia nzuri inakunywa lita 15 hivi kwa kilometa 100. Kwenye matope inakunywa zaidi sana. Tairi, resori na breki vinakwisha haraka. Mwalimu, muuguzi au mkulima wa kakao hawezi kuota kuinunua. Wanaoimiliki ni serkali, jeshi, makanisa, mashirika ya misaada na wafanyabiashara wachache.

Hapo ndipo jambo linakuwa la siasa. Wakati wa Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 hadi mwezi wa sita 2020, ugonjwa uliua watu 2 287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na kidogo Kivu ya Kusini. Butembo na Katwa zilikuwa kati ya sehemu zilizoumia zaidi. Mwenye jeep aliikodisha kwa timu za mapambano kwa malipo ya dola kila siku, na kukodisha magari kukawa biashara kubwa. Wakaaji waliona misululu ya Land Cruiser nyeupe ikipita huku zahanati zao zikikosa dawa za malaria. Msemo wa «Ebola business» ulizaliwa katika hasira hiyo, na magari yalikuwa kati ya vitu vya kwanza kupigwa mawe.

Ugonjwa ulikwisha, jeep zilibaki, barabara ilibaki vilevile. Kisha mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake. Mwaka 2024 nchi hiyo peke yake ilikuwa imelipa karibu asilimia 70 ya pesa za misaada ya kibinadamu katika Congo. Shirika likipunguziwa pesa, safari za mbali ndizo zinakatwa kwanza, maana zinakula mazutu. Kijiji kilichokuwa kinafikiwa na jeep ya wageni kinajikuta hakifikiwi na mtu. Huo ndio udhaifu wa kujenga huduma juu ya gari badala ya kuijenga juu ya barabara: mwenye gari akiondoka, anaondoka nayo.

Vita navyo vimeongeza mzigo. Tangu Kanyabayonga ianguke mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa sita 2024, barabara ya taifa namba 2 kati ya Butembo na Goma imekatwa na mstari wa mbele. Katika Bapere, mashambulizi ya ADF yamewafukuza wakaaji wengi na kufanya njia ya Manguredjipa kuwa ya hofu. Hapo sifa ya jeep inageuka kuwa hatari. Gari linaloweza kupita popote linatamaniwa na kila mwenye bunduki. Matope yanalazimisha kila dereva, hata mwenye injini nzuri, kwenda mwendo wa mguu, na anayekwenda mwendo wa mguu ni rahisi kuviziwa. Barabara mbovu ni swali la usalama pia.

Tuseme ukweli mwingine: jeep hiyo si salama kama inavyosifiwa. Iko juu, inapinduka kwa urahisi kwenye kona, na wanaokaa kwenye mabenchi ya nyuma mara nyingi hawana mkanda. Ikipakiwa watu na magunia juu ya kiasi, ugumu wake haumlindi mtu.

Pesa za barabara je? Congo inahesabu kilometa 152 400 za barabara, na zaidi ya nusu, kilometa 86 871, ni njia za kilimo kama zile zinazotoa kakao na ndizi vijijini. Tangu 2008 kuna Mfuko wa Taifa wa Kutunza Barabara, FONER, unaolishwa na kodi iliyo ndani ya bei ya mafuta na malipo ya peaje. Maana yake, mwenye jeep inayokunywa mafuta mengi kwa sababu ya matope analipia barabara mara mbili: kwenye pampu, kisha garajini. Mwenye pikipiki anayebeba mama mjamzito analipa vilevile, bila kuwa na magurudumu manne ya kumvusha.

Mwezi wa sita 2021, Marais Félix Tshisekedi na Yoweri Museveni walizindua pale Mpondwe, mpakani, kazi za kilometa 223 za barabara: Kasindi–Beni, Beni–Butembo na Bunagana–Goma. Ni mradi mkubwa, na wakaaji wangali wanahesabu kilometa za lami moja moja. Lakini hata siku utakapokwisha, hautagusa Bapere.

Kwa njia za udongo, dawa inajulikana na haihitaji lami. Ni mitaro iliyozibuliwa kabla ya mvua. Ni vizuizi vya mvua vinavyosimamisha malori mazito kwa saa chache hadi udongo ukauke, navyo visiwe mahali pa kuchukua pesa. Ni vikundi vya wakaaji vya kutunza barabara, wenye jembe na toroli, waliolipwa kwa wakati. Na ni hesabu ya peaje ibandikwe pale pale panapolipwa, ili kila dereva ajue franka zake zimezibua mtaro gani.

Land Cruiser itaendelea kupita, na fundi zetu wataendelea kuifufua. Lakini mgonjwa wa Manguredjipa anayepelekwa Butembo usiku asitegemee kama kuna mwenye jeep aliye karibu. Wanaoamua juu ya barabara hizo wanazijua kutoka nyuma ya kioo cha jeep ya kazi, iliyonunuliwa na kutiwa mazutu kwa pesa za wengine. Wangepita huko mara moja kwa pikipiki, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, pengine mitaro ingezibuliwa mapema.