Mashine Isiwe Kisingizio cha Ofisi

Mwaka 2017 jiji la Rotterdam, nchini Uholanzi, lilianza kutumia mtambo wa akili mnemba kuwachuja wananchi wanaopokea posho ya kujikimu. Kila mpokeaji, nao walikuwa kiasi cha 30,000, alipewa alama kutokana na mambo 315 yaliyomo katika kumbukumbu zake: umri, jinsia, watoto alionao, ujuzi wake wa Kidachi, hata maoni ya ofisa kuhusu mwonekano wake. Waliopata alama za juu waliweza kuitwa na kuchunguzwa kama washukiwa wa udanganyifu. Hivyo mwanamke kijana, anayelea watoto peke yake na asiyekijua vema Kidachi, alikaribia kutiwa shaka kabla hajatenda lolote.

Mtambo haukuzua chuki hiyo. Ulifundishwa kwa majalada ya uchunguzi wa nyuma, ukayarudia mazoea ya ofisi kwa kasi na bila haya. Wakaguzi wa jiji waliukosoa mwaka 2021, na mwaka huo huo ukasimamishwa.

Hapa ndipo urasimu wa kale unapovaa nguo mpya. Zamani mwananchi aliambiwa kwamba jalada lake halionekani, arudi kesho; sasa ataambiwa kompyuta imekataa. Tofauti ni kwamba jalada lililopotea lilikuwa na karani wa kulaumiwa.

Amsterdam ilishika njia nyingine. Mwaka 2020, sambamba na Helsinki, ilifungua daftari la hadhara linaloeleza mitambo ya jiji, kazi zake na mahali pa kuuliza. Nayo ilipotaka kuchuja waombaji wa posho, iliondoa uraia na jinsia katika hesabu, ikayasikiliza maoni ya baraza lenye wapokeaji wa posho wenyewe. Baraza lilipinga. Jaribio la mwaka 2023 likaonyesha kwamba upendeleo ungalipo, ila umegeukia watu wengine, na jiji likauacha mtambo. Wapo watakaoita hiyo hasara. Lakini hasara hiyo ililipwa na hazina ya jiji, si na mama aliyenyimwa posho.

Tanzania nayo haianzi mikono mitupu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki dhidi ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Haki hiyo, hata hivyo, haina maana kwa mtu asiyejua kwamba aliyemkatalia ni mashine. Kwa hiyo yafaa kila halmashauri ya jiji inayonunua mtambo wa namna hii iandike katika mkataba, kabla ya malipo ya kwanza, cheo cha ofisa atakayepokea rufaa, siku atakazopewa kujibu, na uwezo wake wa kuutengua uamuzi bila kumwomba ruhusa muuzaji. Barua ya kukataliwa nayo imtaje ofisa huyo na mlango wa ofisi yake.