Hukusema Uongo? Sawa, Lakini Ulinidanganya

Wasee, kuna kisingizio kimoja nimechoka kusikia: "Lakini mimi sikusema uongo. Si hukuniuliza?"

Niliambiwa hivyo na mtu tuliyekuwa naye mwaka mzima, kumbe ana mwingine Nakuru. Nilikosa la kujibu. Jibu nimekuja kulipata kwa Kihispania, lugha ninayojifunza jioni kwa simu.

Neno wanaloanza kukufunza ni mentir, kusema uongo. Mentira ni uongo, mentiroso ni mwongo. Ukiishia hapo umeachwa. Mentir inataka useme kitu unachojua si kweli. Lakini kuna engañar, na hiyo haihitaji mdomo. Unaifanya kwa kunyamaza, kwa kulaza simu kifudifudi mezani, kwa kumwacha mtu aamini kitu unajua hakiko. Msemaji wa Kihispania akisema "me engañó", anaweza kumaanisha alinidanganya, ama alikuwa na mpango wa kando. Neno ni lile lile! Sasa wa Nakuru angejificha wapi?

Halafu wana msemo, dar gato por liebre: kumpa mtu paka badala ya sungura. Hebu fikiria hiyo hoteli. Mpishi hakuapa kwamba ni sungura. Alipika, akaleta sahani, akanyamaza. Wewe ukala na ukalamba vidole. Ukija kulalamika atakuambia, si hukuuliza? Sisi tunaita kuuziwa mbuzi kwa gunia, na hakuna mtu huwa anamtetea muuzaji.

Ni kweli lugha hiyo hiyo ina mentira piadosa, uongo wa huruma, kama kumwambia shosho chakula kilikuwa kitamu. Ya shosho naipitisha. Lakini msituletee hiyo ya "nilinyamaza nisikuumize". Huruma gani inamfaidi anayeitoa peke yake?

Na msiseme ati Kiswahili hakina maneno. Kuhadaa tunayo, kulaghai tunayo, kughilibu pia. Shida ni vile tunatupa zote kwa kapu la "uongo", mtu anapata pa kutorokea. Akisema hakusema uongo, mwambie sawa bana, hilo sijauliza. Muulize hivi: ulijua naamini nini, ukaniacha niendelee?

Nilimtumia wangu hilo swali juzi. Tiki mbili za bluu. Bado hajajibu.