Kamera Ielekee Karatasi, Si Jua

Jumamosi, tarehe 13 Novemba 2032, sayari ya Utaridi itapita mbele ya Jua, na Afrika Mashariki imekaa mahali pazuri mno pa kulishuhudia tukio hilo. Litaanza saa 3:41 asubuhi kwa saa zetu na kumalizika saa 8:07 mchana. Zuhura, ambayo huonekana kubwa zaidi ikipita, ilikwisha kupita Juni 2004 na Juni 2012, na haitarudi mbele ya Jua hadi Desemba 2117. Kwa wengi wanaosoma leo, Utaridi ndiyo nafasi iliyobaki. Kila mwenye simu atataka picha. Nami nasema mapema, muda wa kujiandaa ungalipo: picha hiyo ipigwe kwenye karatasi. Mwanga wa Jua upitishwe kwenye darubini, uangukie karatasi nyeupe, na simu ielekezwe kwenye karatasi hiyo, mpigaji akiwa amelipa Jua mgongo.

Hii si njia ya dharura iliyobuniwa kwa kukosa vifaa. Ndiyo iliyotumika tangu mwanzo. Johannes Kepler alipiga hesabu kwamba Utaridi ingepita mbele ya Jua Novemba 1631, akafariki mwaka mmoja kabla hesabu yake haijathibitika. Tarehe 7 mwezi huo, jijini Paris, Pierre Gassendi alikaa katika chumba chenye giza, akaelekeza darubini ili taswira ya Jua iangukie karatasi, akaona kidoa kidogo kuliko alivyotarajia, hata akadhani ni doa la kawaida la Jua. Mwendo wake ndio uliomzindua: madoa ya Jua hayakimbii hivyo. Miaka minane baadaye Mwingereza kijana, Jeremiah Horrocks, alichora duara lenye upana wa sentimita 15 hivi, akalijaza taswira ya Jua, akaiona Zuhura kwa takriban nusu saa kabla ya machweo. Wote wawili walipima na kuandika walichokiona, na kazi hiyo waliifanya wakitazama karatasi.

Wapo watakaosema simu hupiga picha za machweo kila siku na haziungui, sasa tatizo liko wapi? Kwanza ni jicho la mwenye simu, ambalo halikosi kuchungulia Jua wakati wa kulenga. Retina haina neva za maumivu. Inaungua kimya, na mtu hugundua saa kadhaa baadaye, akijaribu kusoma, kwamba katikati ya neno pana shimo. Pili, simu hiyo haitaambulia kitu. Upana wa Utaridi siku hiyo utakuwa kama sehemu moja kwa 194 ya upana wa Jua, na katika picha ya kawaida ya simu ya megapikseli 12, Jua zima huchukua upana wa pikseli thelathini na kitu tu. Utaridi basi haifikii hata robo ya pikseli. Tundu la sindano kwenye kadibodi, linalotufaa sana Jua linapopatwa, nalo halitasaidia, kwa kuwa taswira yake ina ukungu mno kwa kidoa kama hiki. Lazima pawepo kitu cha kukuza, na hapo ndipo hatari inapopanda, maana lenzi inayokuza kidoa hukusanya na moto. Darubini isiyo na kinga huharibu jicho mara moja.

Hoja nzito zaidi ni ya kichujio. Kichujio halisi cha Jua, kikifungwa mbele ya darubini wala si nyuma kwenye lenzi ya jicho, hupunguza mwanga hadi sehemu moja kwa laki moja na hutoa picha kali kuliko karatasi. Mwenye nacho, anayejua kukitumia, akitumie. Lakini neno hilo likishafika mtaani hugeuka filamu ya eksirei, kioo kilichopakwa masizi, CD au miwani ya giza, na vyote hivyo hufifisha Jua kiasi cha kumdanganya mtu tu. Hata ndoo ya maji haifai: maji yaliyotulia, Jua likiwa juu, hurudisha takriban asilimia 2 ya mwanga, na hiyo ni mara elfu mbili ya kinachopitishwa na kichujio. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa Jua haikuzi chochote, na anayeivaa akachungulia kwenye darubini hatarini yumo, kwa sababu mwanga uliokusanywa waweza kuitoboa. Halafu kuna feki. Kabla ya Jua kupatwa nchini Marekani mwaka 2017, Amazon iliwarejeshea fedha wateja ambao miwani yao haikuweza kuthibitishwa ilikotoka. Karatasi nyeupe haina feki.

Karibu saa sita mchana Utaridi itakuwa imefika nusu ya safari yake, na Jua la Dar es Salaam litakuwa karibu na utosi. Kwa hiyo darubini itatazama juu na karatasi italazwa sakafuni. Darubini ya macho mawili inayokuza mara 10 inatosha, tundu moja likizibwa, ikifungwa kwenye stendi mita 1.6 hivi juu ya sakafu. Hapo Jua litakuwa na upana ule ule wa duara la Horrocks. Kuilenga hakuhitaji jicho: unaizungusha mpaka kivuli chake kiwe kifupi kabisa, mara duara la mwanga linatokea. Kadibodi ikivishwa kwenye darubini hutoa kivuli ili taswira ikolee. Utaridi itaonekana kama nukta ya kalamu, nyeusi ti, mviringo kamili, ilhali doa la Jua huwa na ukingo wa kijivu. Simu ikikaa palepale na kupiga kila baada ya dakika 10, nukta hiyo itasogea zaidi ya sentimita mbili kwa saa.

Picha za vyombo vya angani ni safi kuliko hizo, nakubali; ila kwenye karatasi darasa zima huona kwa pamoja, na mtoto mwenye rula na saa hupima mwendo wa sayari mwenyewe. Nakubali pia kwamba njia hii ina hatari yake: mtoto anaweza kuinama na kuweka jicho kwenye lenzi. Mtu mzima mmoja asimame hapo muda wote, asiwe na kazi nyingine, na kila baada ya dakika chache aizibe darubini ipoe. Novemba ni msimu wa vuli na mawingu yatakuwepo, lakini tukio lenye zaidi ya saa nne laweza kungojewa. Kwa kuwa ni Jumamosi, shule itabidi zifunguliwe makusudi, na darubini zijaribiwe wiki kadhaa kabla, kwa madoa ya Jua.